Mwezi Mmoja Bila Kinanda

Hotuba niliyoitoa mbele ya wanakwaya na wapenzi wa muziki, Dodoma

Mbukwenyi!

Naona wazee wameitikia kuliko vijana. Msiwe na wasiwasi, tutairudia salamu hii ya Kigogo, maana nayo imo ndani ya kisa chenyewe.

Ndugu mwenyekiti, walimu wa kwaya wenzangu, wageni wetu wa Kizota na Makole, ninyi mliopanda daladala mbili kutoka Ihumwa, wazazi na vijana: asanteni kwa kunialika. Barua ilisema nizungumzie "maendeleo ya uimbaji". Nimekuja na kitu kingine. Nitawasimulia mwezi mmoja wa maisha yangu, na mwenyekiti akiona nimepotea njia anivute kanga.

Mwezi wa sita, tukiwa katikati ya mazoezi, umeme ulikatika. Uliporudi, ulirudi kwa kishindo, na kinanda chetu kikatoa moshi. Moshi mwembamba tu, kama wa ubani, lakini kikanyamaza. Fundi akasema wiki moja. Mafundi mnawajua. Wiki ikawa "njoo Jumatatu", Jumatatu ikawa "kuna kifaa kinatoka Dar", mpaka mwezi ukatimia. Wanakwaya wakaniambia, Mwalimu, tupumzike hadi kipone, tutaimbaje bila kinanda? Nikakubali. Lilikuwa kosa, na nitalirudia mbele ya safari.

Basi nikabaki na jioni tupu. Mpwa wangu akaniletea spika ndogo na flashi iliyojaa, akaniambia: "Shangazi, umefundisha kwaya miaka ishirini na miwili, lakini muziki unaousikiliza ni ule unaoufundisha tu." Maneno ya kijana yule huchoma kwa kuwa huwa ya kweli. Tukapatana: siku kumi jazi, siku kumi klasiki, siku kumi roki. Saa nzima kila usiku, kuanzia saa mbili. Sharti ni moja, kuketi. Hakuna kupika, hakuna kupiga pasi, hakuna kusahihisha madaftari, simu inalazwa kifudifudi. Usiku wa kwanza ndipo nilipogundua kuwa jambo hilo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe. Redio kwangu ni ya kuchambulia mlenda.

Mama yangu ninaishi naye. Ni Mgogo wa Mvumi, na ujanani alipiga muheme, zile ngoma za wanawake zinazobanwa kati ya mapaja. Hakualikwa, lakini usiku ule wa kwanza alivuta kigoda chake, akaketi mbele ya spika kama anayesubiri uji upoe, na tangu hapo hakukosa.

Nilidhani jazi naijua. Nani wa umri wangu asiyeijua? Dar es Salaam Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Tabora Jazz, Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz ya mwaka 1964 ambayo leo ndiyo Msondo Ngoma. Kumbe bendi zetu zilichukua jina na matarumbeta. Muziki wenyewe ulikuwa rumba, iliyotoka Kuba ikapitia Kongo hadi kutufikia. Jazi ya watu weusi wa New Orleans ni mtu mwingine, somo yake tu.

Wa kwanza kunishika alikuwa Miles Davis, mpiga tarumbeta, na albamu yake iitwayo Kind of Blue. Ilirekodiwa mwaka 1959 kwa vikao viwili tu, tarehe 2 Machi na tarehe 22 Aprili, katika studio ya New York ambayo zamani ilikuwa kanisa. Miles aliwapelekea wenzake vidokezo vichache vilivyoandikwa, si nota za kila mtu, halafu wakapiga. Nilipolisoma hilo nilikasirika kidogo. Sisi wimbo mmoja wa Pasaka tunaufanyia mazoezi wiki sita, na bado kuna watu wanaingia kabla ya wakati. Mnajijua.

Wimbo wa kwanza unaitwa So What. Nataka niwaonyeshe jambo moja tu ndani yake. Baada ya utangulizi mfupi, anayeongoza ni besi, ile kubwa ya mbao inayosimama urefu wa mtu. Besi inasema sentensi, kisha inanyamaza. Piano inajibu kwa milio miwili: mmoja mrefu, mmoja mfupi. Daaa-da. Besi inasema tena. Daaa-da. Mara ya tatu nikasikia nyuma yangu, polepole, "Mbukwa."

Nikageuka. Mama amefumba macho. Besi ikauliza, naye akajibu pamoja na piano: "Mbukwa." Hakuwa anatania. Alikuwa amesikia mtu anasalimia na watu wanaitikia, na kwake kukaa kimya mbele ya salamu ni utovu wa adabu. Kisha tarumbeta na saksafoni mbili zikachukua zamu ya kuitikia, naye akaendelea nazo. Mimi niliyesoma nota nilikuwa najitahidi kuhesabu: vipimo kumi na sita, vile vipande sawa vya mapigo, katika ngazi moja, vinane wakipanda nusu toni, yaani kitufe kimoja cha kinanda, vinane wakirudi. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa. Aliyesikia ni Mama.

Nikaanza kumfuata yeye. Tulipofika kwenye bluzi, ambayo ndiyo mama wa jazi na roki zote mbili, alisema, "Huyu anaimba kama watu wa zeze." Hapo niliacha sharti la kutofanya kitu kingine, nikaenda kuchukua kalamu. Sikilizeni, walimu wa nota. Katika bluzi kuna ile sauti ya saba iliyoshushwa, sisi tunaiita "ta". Ukiitafuta kwenye kinanda, unaipata kitufe. Mwimbaji wa bluzi haimbi pale kitufe kilipo. Mara nyingi anakaa chini yake kidogo. Sasa, wataalamu waliochunguza muziki wa Wagogo wanaeleza kuwa ngazi yetu imefuata sauti za asili zinazojificha ndani ya uzi mmoja ukipigwa, na ya saba kati ya hizo iko chini ya kitufe cha kinanda kwa karibu theluthi ya nusu toni. Sisemi bluzi ilitoka Dodoma, msije mkanipeleka magazetini. Waliotekwa wakapelekwa Marekani wengi wao walitoka magharibi ya bara hili, mbali na hapa. Nasema tu kwamba sauti ambayo kinanda hakina, sikio la mwanamke wa Mvumi linayo, na liliitambua bila kuambiwa.

Na kama mnadhani dunia haijawahi kuisikia, mkumbukeni mzee wetu Hukwe Zawose, Mgogo, aliyefariki 2003. Ilimba, ile ala ya vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na zeze vilimfikisha hadi Uingereza, akarekodi katika lebo ya Real World ya Peter Gabriel, ambaye yeye mwenyewe ni mwimbaji wa roki. Wao walimwendea yeye kutafuta kitu. Halafu sisi hapa tunaogopa kuimba bila kinanda!

Kabla sijaondoka kwenye jazi, pambo dogo: mwaka 1958, wakati nchi hii bado iko chini ya Waingereza, mpiga tarumbeta Wilbur Harden akiwa na John Coltrane kwenye saksafoni walirekodi muziki wakauita Tanganyika Strut. Ina maana mwendo wa maringo wa Kitanganyika. Niliusikiliza mara mbili nikitafuta Tanganyika ndani yake, sikuiona. Maringo yapo.

Klasiki sasa. Hapa nilijiona mwenyeji, maana ni nani kati yetu asiyeimba Haleluya ya Handel? Kila Krismasi, kila Pasaka, hata harusini. Usiku wa kumi na moja nikasema nianze na ninachokijua. Mpwa wangu alikuwa ameweka Messiah yote. Saa moja ikapita, Haleluya haijafika. Nikaongeza muda, haijafika. Ilipotokea ilikuwa mwisho wa sehemu ya pili, na baada yake kuna sehemu nzima ya tatu, jumla saa mbili na zaidi, maneno yote ya Biblia. Miaka ishirini na miwili nimekula mnofu mmoja nikidhani ng'ombe amekwisha. Handel aliiandika mwaka 1741 kwa siku 24, ikaimbwa mara ya kwanza Dublin mwaka uliofuata. Siku 24! Fundi wetu kwa muda huo alikuwa bado anasubiri kifaa.

Nitakuwa mkweli: usiku wa kumi na tatu nililala. Mama hakulala. Opera nilijaribu mara mbili, sikuipenda, na sitajifanya hapa mbele yenu kuwa niliipenda. Lakini Bach, huyo nimemwekea kiti nyumbani.

Nawasimulieni kisa chake kimoja, maana kinatuhusu. Mwaka 1705 Bach alikuwa kijana wa miaka ishirini, mpiga ogani wa kanisa katika mji mdogo wa Arnstadt, Ujerumani. Akasikia kwamba kaskazini, Lübeck, kuna mzee aitwaye Buxtehude anayepiga ogani kuliko wote. Akaomba likizo ya wiki nne, akaondoka kwa miguu. Safari ya kilomita kama 400. Chukueni hapa Dodoma hadi Dar es Salaam, mpunguze kidogo, kwa miguu, ili kwenda kusikiliza. Hakwenda kuimba wala kutafuta kazi kwanza. Alikwenda kuketi na kusikiliza. Wiki nne zikawa karibu miezi minne. Aliporudi wazee wa kanisa wakamwita kikao: ulikuwa wapi? Na tena, kwa nini siku hizi unaingiza sauti za ajabu ndani ya nyimbo za ibada, watu wanapotea? Barua ya kikao hicho ingeweza kuandikwa na kamati yoyote ya kwaya hapa mjini. Mimi mwenyewe nimewahi kuisaini ya namna hiyo, kumhusu kijana mmoja wa gitaa. Yupo ukumbini. Pole, baba.

Beethoven nilimpa usiku tatu. Ile simfoni ya tano mnaijua hata kama mnadhani hamuijui: ti-ti-ti-taa. Milio minne. Nilitaka kuhesabu inarudi mara ngapi katika sehemu ya kwanza, nikaishia kupoteza hesabu dakika ya pili, maana inaingia hata mahali ambapo hukuitarajia, chini kwenye besi, ndani ya fidla, kama panya aliyejua nyumba kuliko mwenye nyumba. Kilichonifurahisha zaidi ni siku yake ya kwanza kupigwa, Vienna, tarehe 22 Desemba 1808. Onyesho lilichukua saa nne hivi, ukumbi ni baridi kali, wapigaji hawakufanya mazoezi ya kutosha, na kipande kimoja cha mwisho kikavurugika hadi wakasimama wakaanza upya. Mbele ya watu! Beethoven mwenyewe! Wale mnaokumbuka yaliyotupata Pasaka ya juzi, jipeni moyo.

Roki nitaipitia haraka, si kwa dharau, ila kwa sababu huko ndiko nilikopata majirani. Usiku wa ishirini na moja jirani yetu, muuza maandazi, aligonga geti kuuliza kama tumevamiwa. Chuck Berry alikuwa anapiga gitaa. Nikamkaribisha, akakaa, kesho yake akaja na mumewe. Nilichokisikia kwa Chuck Berry ni mambo mawili. Kwanza, kodi tatu tu, yaani mafungu ya sauti zinazopigwa kwa pamoja: ile ya do, ile ya fa, ile ya so. Ndizo hizohizo mnazozitumia vijana katika nyimbo zenu za mapambio, kwa hiyo mkimwambia mchungaji kwamba roki ni muziki wa shetani, muwe waangalifu, mnakula naye sahani moja. Pili, gitaa lake linaitikia maneno yake. Anaimba, gitaa linajibu. Mama hakusema Mbukwa safari hii. Alipiga goti kwa kiganja.

Tulisikiliza pia vijana wa Zambia wa miaka ya sabini, bendi kama WITCH, waliochukua magitaa ya umeme wakatengeneza roki yao wenyewe, ambayo leo inaitwa Zamrock. Reli ya TAZARA ilipofunguliwa ilibeba shaba, sijui kwa nini haikubeba santuri zile nyingi zaidi.

Na bila shaka Freddie Mercury, mtoto wa Unguja. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na familia yake ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi ya 1964. Wimbo wa bendi yake ya Queen, Bohemian Rhapsody, ulitoka mwaka 1975: dakika sita kasoro sekunde tano, hauna kiitikio hata kimoja. Unaanza kama kwaya, unakuwa piano na mtu mmoja, unageuka opera, unalipuka kuwa roki, kisha unazimika taratibu. Ile kwaya kubwa mnayoisikia katikati ni wanaume watatu tu, waliorekodi sauti zao wakazirundika moja juu ya nyingine. Walipofika kwenye sehemu hiyo ya opera, muuza maandazi aliinua kichwa ghafla: "Amesema Bismillah?" Nikarudisha nyuma. Amesema. Tukarudisha tena. Mama Mkristo, jirani Mwislamu, mimi na spika, tumeinama kama wanaotafuta sindano. Ndipo nilipong'amua kuwa ile opera niliyoikimbia siku kumi zilizopita nilikuwa naisikiliza kwa hiari yangu, tena kwa kurudia.

Siku ya thelathini Mama aliuliza swali ambalo alikuwa amelibeba muda mrefu. "Hawa watu wanaopigiwa muziki huu kule kwao, wanafanya nini?" Nikamwambia, wale wa Beethoven wanaketi kimya mpaka mwisho, ndipo wanapiga makofi. Akafikiri. "Kwetu ngoma haina watazamaji," akasema. Kweli. Muheme una kazi yake, nyimbo za kupalilia zina kazi yake, hakuna aliyekaa pembeni. "Sasa sisi mwezi mzima tumekaa pembeni," nikamwambia. Akakataa. "Mimi nilikuwa naitikia."

Siku mbili baadaye fundi akapiga simu. Kinanda kimepona. Nikakileta kanisani nikiwa nimekifunga kanga, nikakiweka pembeni, sikukichomeka. Nikawaambia wanakwaya, tuimbe Haleluya. Kwa mikono mitupu. Nikatoa sauti ya kuanzia, D, kama Handel alivyoandika, tukaimba hadi mwisho. Hapo nikachomeka kinanda na kubonyeza D. Jamani. Tulikuwa tumeshuka toni nzima. Kwaya nzima ilikuwa imeteremka ngazi, tumeshikana mikono, na hakuna hata mmoja aliyehisi.

Miaka yote ile hatukuwa tukishuka kwa kuwa kinanda kilituvuta. Soprano walisikiliza kinanda, besi walisikiliza kinanda, na mimi nilisikiliza kinanda nikidhani nasikiliza kwaya. Hakuna aliyekuwa anamsikia mwenzake. Kilipoungua nikasema tupumzike, wakati ule mwezi ndio uliokuwa mwezi wetu wa mazoezi. Ndilo kosa nililowaahidi.

Tangu hapo tunafanya hivi. Tunasimama duara, si mistari. Soprano kando ya besi, alto kando ya tena, kila mtu amebanwa na sauti isiyo yake. Tunaimba kwa sauti ya chini mpaka kila mmoja aseme amemsikia jirani. Wanaume wa tena walilalamika sana, wamezoea kujificha kundini. Wiki ya tatu tulipobonyeza D mwishoni tulikuwa tumeshuka nusu toni. Jumapili iliyopita, karibu robo. Bado tunashuka, sitawadanganya. Ila sasa tunajua tunaposhuka: ni pale kwenye "Mfalme wa wafalme", soprano wanapopanda ngazi kwa ngazi na wengine wanawasindikiza kwa woga.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia na tangazo. Kila Jumamosi saa mbili usiku nyumbani kwangu tunaendelea na kusikiliza. Tumerudi mwanzo, kwenye jazi, na Mama ametaka wiki hii tuchanganye na kanda za ngoma za Chamwino. Hakuna kiingilio. Simu zinalazwa kifudifudi mlangoni, jirani analeta maandazi, umeme ukikatika spika ina chaji. Viti ninavyo kumi na viwili. Wa kumi na tatu aje na kigoda chake, na aketi mbali kidogo na kile cha Mama, maana yeye huitikia kwa sauti.